Kopo la Vidonge Mia Tatu

Siku ya kwanza niliyoingia kwa fundi waliyemwita Milimita, nilikuwa na jora begani ambalo niliamini lina mita thelathini. Alilitandaza mezani, akalipitia na tepu yake ya kupimia, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mdogo wangu, hili umelinunua wapi?"

"Kwa watu wa jumla. Mita thelathini."

"Ni ishirini na tisa. Nipime tena hapa, au utakwenda kulia peke yako ukifika kwako?"

Nikamwambia apime tena. Zikawa zile zile. Mwaka huo ndio kwanza nilikuwa naanza kuuza mapazia, baada ya miaka saba ya kubeba majora ya watu wengine, na nilidhani hakuna hila ya vitambaa nisiyoijua. Papo hapo nikajua kwamba nimepigwa, na kwamba huyu mwanamke sitakiwi kumwacha achukuliwe na mwingine.

Tulibishana bei ya kushona mpaka chai yake ikaota utando. Hakushuka hata kidogo.

"Kama unataka bei ya kuvutana," alisema, "nenda kule kwenye kona, kuna vijana watakushonea pazia linalocheka. Pindo huku, meno huku."

Nikashindwa kwenye bei. Lakini mtu aliyeshindwa kwenye bei hudai masharti, na mimi nilikuwa nalo moja. Siku zile Milimita alishonea barazani. Cherehani yake ya kukanyaga ilielekea njiani, jua la asubuhi likimpiga mikononi na mapajani mpaka karibu na adhuhuri, huku akijibizana na kila anayepita. Vitambaa vyangu vilikuwa vya bei ya chini, na rangi yake ilikuwa ya bei ya chini vilevile. Nyekundu iliyoiva ikilala juani siku mbili, kwenye mkunjo inakuwa kama tofali la zamani. Nikamwambia: nitakuletea kazi kila wiki, mwaka mzima, ila kitambaa changu kisione jua.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Akahesabu kichwani ada ya shule ya binti yake. Alikuwa mjane; mumewe alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na vyumba viwili alivyokuwa akiishi alivijenga kwa kushona sare za shule, mshono juu ya mshono, miaka minane. Mtu wa namna hiyo akisikia kazi ya mwaka mzima haulizi mara ya pili. Wiki ile ile cherehani ikaingia ndani. Akabandika karatasi za kaki kwenye madirisha yote mawili, akawasha taa ya mrija. Nami nikaenda zangu nimefurahi, maana sharti lile halikunigharimu chochote.

Sharti la pili lilikuja mwaka uliofuata. Mke wa mkandarasi mmoja alinirudishia mapazia manane, akayatupa juu ya kaunta yangu. "Nuseni wenyewe," akasema. Tukanusa. Samaki wa kukaanga. Milimita alipika kwenye chumba cha pili, mlango mmoja tu na pale aliposhonea, na kitambaa kizito kinashika harufu kama mke mwenza anavyoshika maneno. Nikaenda nikamwambia samaki basi.

"Sasa unanipangia na mboga?" alicheka. "Kesho utaniambia nipumue upande gani."

Lakini aliacha. Mayai nayo yakafuata, kwa sababu hakuyajua mengine zaidi ya ya kukaanga. Akabaki na maharage ya kuchemsha, majani, mkate, na chai isiyo na maziwa. Kila alipotaka kitu chenye mafuta, alikumbuka mapazia.

Hivyo ndivyo tulivyoenda miaka sita. Nilikuja Jumatatu na majora, nikarudi Ijumaa kuchukua kazi. Hakuna pazia lake hata moja lililorudi kwa kipimo. Akitoka, anakwenda dukani kununua uzi, gauni la mikono mirefu mpaka kwenye viganja, kitambaa kichwani, dakika kumi, amerudi. Ngozi yake ilipauka kama ya mtu aliyetoka hospitalini, na mimi nilimtania kwamba anazidi kuwa mrembo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Mwaka wa sita nikaanza kumwona akiinuka kitini kwa mikono. Anashika meza, anasukuma mapaja, anajikusanya kwanza, ndipo anasimama. Akitembea anayumba huku na huku. Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa msusi saluni, alimwigiza mbele yangu, akizunguka meza amebinua makalio. "Mama bata huyo anapita, mpisheni!" Milimita akamrushia kibweta cha pini, akacheka, halafu akashika mbavu. Hata kucheka kulimuuma.

"Ni uzee," alisema. "Uzee hauna fundi."

Alimeza vidonge vya maumivu vya dukani, viwili asubuhi, viwili jioni. Mimi sikusema kitu mpaka Ijumaa mbili mfululizo nilipokuta kazi haijaisha. Hapo nikampeleka hospitali. Sitajisifu kwa hilo. Nilikuwa nimepokea kazi ya ukumbi wenye madirisha themanini na manne, na mapazia yale hakuna mwingine ambaye angeweza kuyanyoosha yakalingana.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, anaongea haraka, kalamu haimtoki mkononi.

"Mama, mchana unashinda wapi?"

"Kwenye cherehani."

"Cherehani iko wapi?"

"Ndani."

"Na jua unalipata saa ngapi?"

"Jua linaharibu mapazia," Milimita akamjibu, kwa sauti ya mtu anayemwelimisha mtoto.

Daktari akaacha kuandika. Akauliza kama anakula samaki wenye mafuta, maini, mayai. Akajibiwa kwamba samaki ananuka. Akamgonga gonga kwenye mfupa wa mguu kwa kidole, si kwa nguvu, na Milimita akaruka kama amechomwa. Wakamtoa damu. Siku ya nne tukarudi kusikiliza.

"Mifupa yako haijazeeka," daktari alisema. "Imelainika. Kalsiamu ndiyo inayoufanya mfupa kuwa mgumu, lakini bila vitamini D kalsiamu haiingii. Unaweza kula gunia zima, itapita tu na kwenda zake. Vitamini D mwilini mwako iko chini kiasi kwamba maabara walinipigia simu kuuliza kama sikuchanganya majina."

Nikauliza kama chakula hakitoshi. Niliuliza kwa sababu chakula ni rahisi kuliko dawa.

"Kiini cha yai kinayo kidogo. Maini kidogo. Samaki wenye mafuta wanayo ya maana, akiwala kila mara. Maziwa na mafuta ya kupikia, yale tu yaliyoandikwa kwamba yameongezwa vitamini. Ale vyote hivyo, na atoke nje. Lakini kwa hali aliyofikia mama huyu, chakula ni cha kumzuia asirudi shimoni; cha kumtoa ni hizi kapsuli. Moja kwa wiki, wiki nane, pamoja na mlo wenye mafuta. Kwa wiki, mama, si kwa siku. Ikizidi nayo inadhuru. Baada ya hapo rudi nikupime."

Nilikuwa nimeshamwambia Milimita kwamba dawa nanunua mimi. Basi nikasimama mbele ya dirisha la dawa, nikatajiwa bei, nikaonyeshwa mzigo wenyewe: kapsuli nane, kila moja kama mbegu ya papai. Nane! Nikamwuliza yule kijana wa dirishani kama zimetengenezwa kwa dhahabu. Akasema niwapishe wengine.

Kuna mtu wa dawa za jumla niliyemfahamu, jirani wa ghala la vitambaa. Nikaenda kwake. Akanitolea kopo kubwa jeupe lenye picha ya mzee anaruka juu, na maandishi makubwa ya kijani: dawa ya mifupa, kalsiamu na vitamini D. Vidonge mia tatu. Bei? Ile ile ya zile mbegu nane. Nikabishana naye kidogo kwa sababu ya desturi, akapunguza. Nikatoka pale nahisi nimempiga mtu bao.

"Nane au mia tatu, dada?" nilimuuliza Milimita, nikiweka kopo mezani kwa kishindo.

Aliliinua, akalipima mkononi, akaligeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Akayasogeza karibu na taa, akayaweka mbali, akavua miwani, akaivaa.

"Haya ya nyuma siyaoni. Ni ile ile aliyosema daktari?"

"Si imeandikwa vitamini D hapo mbele?"

"Ya mbele naiona. Nakuuliza ya nyuma. Umesoma?"

"Nimesoma."

Nilikuwa nimesoma bei na tarehe ya kuharibika.

Kila asubuhi alimeza kimoja, kama kopo lilivyoagiza, kwa chai na mkate mkavu. Hakuruka hata siku moja. Alikuwa mtu wa kipimo. Wiki nane zilipotimia alisema arudi kwa daktari, nami nikamwambia ukumbi unafunguliwa mwisho wa mwezi, tumalize kwanza. Tukamaliza. Ikaja kazi ya ofisi moja ya ghorofa tatu. Tukaanza hiyo.

"Hii dawa inafanya kazi kweli," aliniambia siku moja. "Tumbo limekuwa zege. Siku ya tatu leo."

"Na mifupa?"

"Mifupa bado inafikiri."

"Mfupa si ndizi, dada, uive kwa siku tatu. Vumilia."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na chanuo mkononi. "Mjomba, wewe ni daktari tangu lini?" aliuliza. Nikamjibu kwamba mimi ni mfanyabiashara na dawa ni bidhaa kama nyingine. Hakucheka.

Mwezi wa tisa wa kumeza vidonge vile Milimita hakuweza tena kupanda kizingiti bila kushika fremu ya mlango. Kazi ya siku moja akaifanya siku tatu, na bado ilikuwa nzuri kuliko ya wengine. Mwezi wa kumi, kopo limebaki na vidonge saba, alisimama na pazia moja mkononi alipeleke mezani kwenye pasi. Hakuanguka kwanza. Binti yake aliyekuwapo anasema alisikia kitu kimekatika, kama mti mkavu, mama akiwa bado amesimama wima. Ndipo akashuka chini pamoja na pazia. Nyonga ilivunjika kwa hatua moja.

Nilimkuta wodini amelazwa chali, mguu umevutwa kwa uzito. Nami kwa kukosa la kusema nikasema ambalo watu husema.

"Pole dada. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo linauzwa dukani, mdogo wangu," alisema. "Nyonga inauzwa wapi?"

Daktari yule yule akaja. Alikuwa na karatasi za zamani mkononi na hasira ambayo alijitahidi kuikunja. Akauliza kapsuli zilimezwa vipi. Binti akafungua mkoba, akatoa kopo. Daktari akaligeuza nyuma, akasoma yale maandishi ya sisimizi kwa sauti.

"Kila kidonge: vitamini D, yuniti hamsini." Akamtazama binti. "Mimi niliandika kapsuli za yuniti elfu hamsini."

Milimita alikuwa anaangalia dari, midomo inacheza. Alikuwa anapiga hesabu. Maisha yake yote alikuwa ameipiga ya namna hiyo: upana, urefu, mara ngapi.

"Kapsuli moja ni vidonge elfu moja," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kopo lina mia tatu. Kopo zima halifiki theluthi ya kapsuli moja."

"Halifiki."

"Na kidonge kimoja kwa siku hakimtimizii mahitaji yake hata mtu mzima asiyeumwa," daktari akaongeza. "Kalsiamu umepata nyingi tu. Haikuwa na wa kuifungulia mlango."

Milimita akageuza kichwa upande wangu, polepole, kwa sababu hata shingo ilikuwa inauma.

"Ulisema umesoma."

"Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

Ningeweza kumlaumu yule wa jumla. Ningeweza kusema herufi zilikuwa ndogo. Binti yake alikuwa ananitazama, daktari ananitazama, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kula ili asikie.

"Bei," nikasema.

Akarudisha uso wake darini. Binti akachukua kopo mkononi mwa daktari, akalirudisha kwenye mkoba, akafunga zipu. "Mjomba, nenda nyumbani," alisema.

Walimtia chuma kwenye nyonga. Kapsuli akapewa zile zenyewe, kwa wiki nane, na kalsiamu ya kipimo, na binti akawa anampikia samaki mara tatu kwa wiki na mayai ya kuchemsha, madirisha wazi. Saluni aliiacha, mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani hapatikani kwa saa za jioni tu. Baada ya miezi minne maumivu ya mbavu na mgongo yakaisha kabisa. Daktari akampima, akamwonyesha karatasi, akamsifu. Mguu lakini ulipona mfupi kuliko mwenzake, na nyonga haikubali kukanyaga. Robo saa kwenye cherehani, anatokwa jasho na kuacha.

Ndipo nikaenda kwake na pendekezo. Cherehani ya umeme, mpya, kanyagio lake linawekwa mguu wa kushoto, ule mzima. Nanunua mimi, bila makato. Alikuwa ameketi kitandani, miguu juani kwenye mlango, akimenya yai huku ananisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mafundi unao wangapi sasa?"

"Wawili."

"Madirisha yao yamefunikwa?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye kiatu changu.

"Na samaki je?"

"Dada, ile ni desturi ya kazi..."

"Cherehani yako sitaki. Nitakwambia ninachotaka. Nenda ukawaambie wale wawili, kwa mdomo wako, mbele ya binti yangu, kwa nini mimi siwezi kusimama. Usiseme bahati mbaya. Usiseme mpango wa Mungu. Waambie masharti yalikuwa ya nani, na waambie kwamba nilikuuliza kama umesoma, nawe ukasema umesoma."

Nikajaribu kupunguza. Ni ugonjwa, siwezi kujizuia. Nikamwambia nitawaeleza habari za jua na samaki, na damu yao ikapimwe kwa gharama yangu, lakini ile ya kusoma ibaki kati yetu. Haiwasaidii kitu wale.

"Inawasaidia kuliko yote," alisema. "Nusu sitaki. Au nzima, au uende."

Nikaenda kuisema. Binti yake alisimama mlangoni amekunja mikono, na kila nilipotaka kuruka jambo, alikohoa. Mafundi walinisikiliza sindano zikiwa zimesimama. Nilipofika pale pa kopo, mkubwa wao aliinuka, akakunja tepu yake, akachukua kiti chake mwenyewe alichokuja nacho. Mchana ule ule alikuwa kwa mshindani wangu, na kabla ya jioni soko zima la vitambaa lilikuwa linajua nilisoma nini.

Mdogo alibaki, kwa masharti yake. Asubuhi mpaka saa nne anakaa nje na kazi za watu wengine ambazo jua haliziharibu. Zangu zinaanza baadaye. Anapika anachotaka, jiko nimelihamishia uani kwa fedha zangu. Alipimwa. Naye alikuwa chini, ingawa si chini kama Milimita. Akapewa kapsuli, nikazinunua pale pale dirishani bila kuuliza bei. Alinifanya nimsomee karatasi ya ndani yote, mbele na nyuma, hata jina la mji zilikotengenezwa. Leo anaruka ngazi mbili mbili. Vitambaa vya rangi inayopauka nimeacha kuviuza, maana vikingoja ratiba yake vinakutwa na jua, na vile vizuri faida yake ni nyembamba. Kumbi na ofisi sizipati tena. Wanasema mapazia yangu siku hizi hayalingani, na wanasema kweli.

Milimita sasa anakula vizuri, analala bila vidonge vya maumivu, na vipimo vyake vya damu ni vya mtu mzima mwenye afya. Anatembea na fimbo mpaka dukani na kurudi. Binti yake hajapata saluni nyingine. Kiti chake kilishachukuliwa, na salamu yangu haiitikii. Cherehani waliiuza mwezi uliopita kwa fundi wa sare za shule. Nilituma mtu aniulizie kama naweza kuinunua kwa bei ya juu zaidi. Wakamjibu kwamba wameshakubaliana na mwingine, kwa bei ndogo kuliko yangu, na hawabadilishi.